Mtu Peke Yake Majini

Huku kwetu Kuresoi maji ni kitu cha kuvukwa, si cha kuogelewa. Nchi yetu imeinuka juu ya mgongo wa Mau, na vijito vinavyoshuka kutoka msituni ni baridi kama chuma cha jembe lililolala nje usiku kucha. Mtoto aliyezaliwa Lamu au Mombasa huenda akaizoea bahari kabla hajaujua ubao wa shule. Mtoto wa Keringet au wa Olenguruone huzoea kukimbia, kwa kuwa shule iko mbali na asubuhi ina umande. Basi msomaji ana haki kuniuliza: mtu wa milimani, mlimaji wa viazi, ana neno gani la kusema juu ya waogeleaji?

Ninalo neno moja, nalo lilianzia mtoni. Nilipokuwa katika shule ya msingi njia yetu ilikatwa na kijito ambacho wakati wa kiangazi mbuzi angaliweza kukiruka. Lakini mvua kubwa za Aprili ziliponyesha, kijito kile kiligeuka kuwa kitu kingine kabisa: kilijaa hadi ukingoni, rangi yake ikawa ya chai ya maziwa, na mara kwa mara gogo lilipita likibiringika. Daraja hapakuwa. Tulivuka tumeshikana mikono, katika safu moja, wadogo katikati na wakubwa mwanzoni na mwishoni. Na upande wa juu wa safu, pale maji yalipopiga kwa nguvu zake zote, alisimama mvulana mmoja mrefu wa darasa la saba, ameegemea mti aliouchomeka matopeni, maji yakimfika kifuani. Yeye aliupasua mkondo kwa mwili wake, nasi tukapita chini yake mahali ulipokuwa umepungua ukali. Akiisha kutuvusha, alirudi kuwachukua wengine.

Miaka mingi baadaye nilitazama mashindano ya kuogelea kwa mara ya kwanza katika televisheni ya hoteli moja mjini Nakuru, na jambo lililonishangaza ni upweke wa mchezo ule. Kila mwogeleaji ana njia yake, iliyotengwa na njia za wengine kwa kamba zinazoelea. Mwenzake hawezi kumshika mkono. Hawezi kumsukuma wala kumvuta. Hata neno la kumtia moyo halimfikii vizuri, kwa sababu masikio yake yamo majini. Nilijiuliza swali ambalo tangu siku ile halijaniacha: katika mchezo kama huu, ushirikiano ni kitu cha kweli, au ni maneno ya adabu tu tunayoyatamka wakati wa kugawa zawadi?

Sisi tuliolelewa kati ya wakimbiaji twaijua aina moja ya msaada, nayo yaonekana kwa macho. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico, Ben Jipcho alitoka mbio katika mita 1500 kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akaumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi. Alifanya hivyo ili mbio ziwe za kasi tangu mwanzo, na Mmarekani Jim Ryun, ambaye umaliziaji wake uliogopwa na wote, asipate nafasi ya kuutumia. Kipchoge Keino akashinda kwa dakika 3 na sekunde 34.91, akimwacha Ryun nyuma karibu sekunde tatu. Jipcho akawa wa kumi. Twaweza kubishana kama jambo lile lilikuwa la haki kwa Ryun, lakini hatuwezi kubisha kwamba lilikuwa msaada. Katika bwawa, sheria na kamba zimelifunga karibu kila pito la msaada wa namna hiyo. Kama ushirikiano upo humo, hauna budi kuwa umejificha mahali pengine.

Wa kwanza kupatafuta mahali hapo walikuwa waanzilishi wa mbio za kupokezana. Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908 watu wanne wa nchi moja waliogelea mita 200 kila mmoja, na Uingereza ikapata dhahabu. Bwawa lenyewe lilikuwa katikati ya uwanja, limezungukwa na njia ya wakimbiaji, hata mtazamaji aliweza kuwaona wakimbiaji na waogeleaji bila ya kuhama kiti chake. Wanawake walipewa mbio zao Stockholm mwaka 1912. Mitindo minne, yaani chali, chura, kipepeo na huria, iliunganishwa katika mbio moja ya kupokezana Roma mwaka 1960. Na katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, wanaume na wanawake waliwekwa katika kikosi kimoja kwa mara ya kwanza.

Yafaa kuielewa sheria ya kupokezana, kwa maana ndani yake mna fikira nzuri. Katika riadha kuna kijiti. Mkono hutoa na mkono hupokea. Majini hakuna kijiti. Anayengoja zamu yake husimama juu ya jukwaa dogo ukingoni mwa bwawa, na miguu yake hairuhusiwi kuachana na jukwaa hilo kabla mkono wa mwenzake haujagusa ukuta chini yake. Akitangulia, hafutwi yeye tu. Hufutwa wote wanne, na jasho lao lote likawa bure. Lakini akingoja mpaka aone kwa yakini kwamba ukuta umeguswa, amechelewa. Kwa hiyo hana budi kuanza kuutupa mwili wake mbele wakati mwenzake bado yuko njiani, akiamini kwamba yule hatalegea katika mkupuo wake wa mwisho. Kinachopokezwa pale ni imani, na ni imani yenye hatari.

Msomaji mwenye akili kavu atanipinga hapa. Atasema kwamba mbio za kupokezana ni hesabu ya kujumlisha tu: chukua muda wa watu wanne, ujumlishe, na kikosi chenye jumla ndogo ndicho kitakachoshinda, imani haina nambari. Pingamizi hili ni zuri, nami nililikubali kwa muda. Lililonifanya nisite ni mbio za mita 100 mara nne, mtindo huria, zilizoogelewa Beijing tarehe 11 Agosti 2008.

Siku moja kabla, Wamarekani waliwatuma katika mchujo vijana wanne ambao kwao hawakuwa wa mstari wa kwanza. Vijana hao wakavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 12.23. Tafadhali simama hapo kidogo, msomaji. Watu wanne walikuwa wamefanya kitu ambacho hakuna kikosi chochote duniani kilichokuwa kimepata kukifanya, na asubuhi yake watatu kati yao waliambiwa waketi. Mmoja tu, Cullen Jones, alipata nafasi katika kikosi cha fainali. Alikuwa Mmarekani mweusi ambaye nusura afe maji utotoni, na mama yake akampeleka kufundishwa kuogelea kwa sababu ya ajali ile. Rekodi ile ya mchujo iliishi usiku mmoja.

Katika fainali Ufaransa ilikuwa na Alain Bernard kuwa wa mwisho, na Marekani ilikuwa na Jason Lezak, mtu wa miaka 32, aliyekuwa katika kikosi kilichoshindwa Sydney mwaka 2000 na tena katika kilichoshindwa Athens mwaka 2004. Lezak aliruka majini akiwa nyuma ya Bernard kwa zaidi ya nusu sekunde, na walipogeuka kwenye ukuta wa mita 50 nafasi ilikuwa imezidi. Kisha akaanza kumfikia. Marekani iligusa ukuta kwa dakika 3 na sekunde 8.24, Ufaransa kwa 3 na 8.32. Mita zake 100 Lezak alikuwa ameziogelea kwa sekunde 46.06.

Sasa tuirudie ile hesabu ya mpinzani wetu. Siku chache baadaye, katika bwawa lile lile, watu hao wawili walikutana tena katika mita 100 za mtu mmoja mmoja. Bernard akapata dhahabu. Lezak aliyemshinda aligusa kwa sekunde 47.67, akagawana shaba na Mbrazili César Cielo. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini naweza kutoa: kati ya 47.67 na 46.06 mna sekunde moja na zaidi ya nusu. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na namna ya kuondoka, kwa kuwa anayepokezwa huruka akiwa tayari katika mwendo, ilhali anayeanza peke yake hungoja mlio. Sehemu nyingine ilitoka kwa Bernard mwenyewe, kwa kuwa Lezak aliogelea karibu na kamba, akapanda wimbi la mpinzani wake, hata yaweza kusemwa kwamba adui naye alimsaidia. Toa hayo yote. Bado kuna kitu kilichobaki ambacho hesabu haikikamati. Mtu yule yule, mwili ule ule, juma lile lile, aliwapa wenzake watatu kitu ambacho hakuweza kujipa mwenyewe.

Basi ushirikiano majini upo. Lakini kusema upo si kusema ni mwema, na hapa ndipo wengi wanaoandika juu ya jambo hili huacha kufikiri. Hutuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kisha huweka kalamu chini kana kwamba kesi imekwisha.

Kikosi kilichoshikamana kuliko vyote katika historia ya kuogelea huenda kilikuwa kile cha wanawake wa Ujerumani Mashariki. Katika Michezo ya Montreal ya mwaka 1976 walitwaa dhahabu 11 kati ya 13 za wanawake. Makocha, madaktari, wanasayansi na wakuu wa serikali walifanya kazi kama mwili mmoja. Ni baada ya dola ile kuanguka ndipo nyaraka zake zilipofunuliwa, dunia ikajua kilichokuwa kikitendeka: wasichana, wengine wa umri wenu ninyi mnaosoma kurasa hizi, walipewa vidonge vya homoni za kiume huku wakiambiwa ni vitamini. Waliokuja kuugua ni wao. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, na daktari Manfred Höppner, kwa kushiriki katika kuwadhuru.

Mle Montreal alikuwamo Mmarekani, Shirley Babashoff, aliyethubutu kuzitaja sauti nzito za wapinzani wake na kutilia shaka. Magazeti ya nchi yake mwenyewe yalimcheka kwamba hajui kushindwa. Alishindwa mbio baada ya mbio, akakusanya fedha. Siku ya mwisho, katika mita 100 mara nne, yeye na wenzake watatu waliogelea, wa tatu wao, Jill Sterkel, alikuwa na miaka 15 na ndiye aliyewapita Wajerumani, Babashoff akamaliza. Waliweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 44.82. Wale wasichana wa Ujerumani hawastahili kuchekwa katika kisa hiki. Nao walikuwa watoto, na hakuna aliyewauliza.

Nasema haya kwa sababu sisi wa Kuresoi hatuwezi kuusifu umoja ovyo. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007, nyumba zilichomwa katika milima hii, na watu walilala makanisani, shuleni na vituoni mwa polisi wakiwa na mablanketi tu. Waliochoma hawakuja mmoja mmoja. Walikuja kwa vikundi, wamepangana, kila mtu na zamu yake. Na nadhani wengi wao usiku ule waliona utamu wa kuwa pamoja ambao hawajauona tena. Mtu akiniambia kwamba vijana wakishirikiana hakuna lisilowezekana, namjibu kwamba najua, na ndiyo maana naogopa. Neno "tushikane" limesemwa katika vijiji hivi na watu wa kila namna.

Kwa hiyo swali la kuwauliza washirika si kama wameshikana kwa nguvu. Naona afadhali kuuliza mzigo umewekwa begani mwa nani, na kama aliubeba akijua. Katika Ujerumani Mashariki wakubwa walisimama pakavu, watoto wakapigwa na mkondo. Linganisha na kilichotokea Athens mwaka 2004. Michael Phelps alimshinda mwenzake Ian Crocker katika mita 100 za kipepeo, sekunde 51.25 kwa 51.29, na kwa desturi ya kikosi chao mshindi wa mbio hiyo ndiye aliyestahili kuogelea fainali ya kupokezana mitindo minne. Siku chache kabla yake Crocker alikuwa mgonjwa, akaogelea vibaya katika mbio nyingine ya kupokezana, na Marekani ikapata shaba pale ilipotazamia dhahabu. Afrika Kusini ndiyo iliyoitwaa dhahabu hiyo, tena kwa rekodi ya dunia. Crocker alikuwa amebeba aibu ile kichwani. Phelps akamwachia nafasi yake. Yeye akaketi jukwaani na watazamaji, Crocker akaogelea, kikosi kikavunja rekodi ya dunia.

Wapo wanaosema kwamba Phelps hakupoteza kitu, kwa kuwa alikuwa ameogelea katika mchujo, na waogeleaji wa mchujo hupewa medali pia. Ni kweli, alipewa dhahabu. Lakini wasemao hivyo hawajapata kuketi na kutazama kazi yao ikifanywa na mtu mwingine. Tena yafaa kukumbuka kwamba Crocker angaliweza kukosea mara ya pili. Phelps hakutoa kitu kilichomzidi. Alikiweka rehani kitu alichokuwa amekwisha kukipata, na mdhamana wake alikuwa mtu aliyeanguka juzi. Nauona uamuzi ule kuwa mkubwa kuliko medali zake kadha wa kadha, ingawa najua kwamba wapenda rekodi hawatakubaliana nami.

Nchini mwetu swali hili limekuja kwa sura nyingine. Jason Dunford, kijana wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo Beijing mwaka 2008, sekunde 51.14. Rekodi hiyo haikudumu hata siku, kwa sababu ilivunjwa katika kundi lililofuata. Katika fainali alikuwa wa tano, na mwaka 2010 mjini Delhi akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 za kipepeo. Ndugu yake David naye aliogelea Beijing. Lakini ndugu wawili hawatoshi kufanya kikosi cha wanne, na Kenya haijapata kuogelea fainali ya kupokezana katika Olimpiki. Sisi tulio na wakimbiaji wa kujaza malori hatukuwa na waogeleaji wawili zaidi wa kusimama nao. Hatuna haki ya kushangaa. Bwawa huhitaji fedha, na mabwawa mengi ya zamani nchini yalijengwa na vilabu na shule za Wazungu, ambako Mwafrika aliingia kufagia. Kikosi huanza kuundwa zamani sana kabla ya mashindano, mtu anapoamua ni watoto gani watakaoruhusiwa kuyagusa maji.

Yule mvulana mrefu wa mtoni nilikutana naye tena mwaka juzi sokoni Molo, ameketi juu ya gunia la viazi, mvi zimemtoka. Tukakumbushana mambo ya zamani. Nikamwambia kwamba sisi wadogo hatukuogopa kuvuka kwa sababu tulijua kwamba katika shule nzima yeye peke yake ndiye aliyeweza kuogelea. Safu ikikatika, angetufuata. Alinitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. Akaniambia kwamba siku zile hakujua kuogelea, na hata leo hajui.